Philippe Van Tieghem na nguzo iliyo ndani ya mmea

Muhogo mbichi una tabaka tatu ambazo kila amenyaye anazijua kwa vidole: ngozi nyembamba ya kahawia, ganda nene jeupe au la waridi linalobanduka ukishalipata ncha, na nyama nyeupe yenye uzi mgumu katikati. Kwa mpishi mpaka ni mmoja: ganda ni la kutupa, nyama ni ya chungu. Mtaalamu wa anatomia ya mimea akiutazama muhogo huohuo atasema mpaka wa asili haupiti hapo. Ganda linapobanduka huondoka na floemu, tishu inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani, na floemu kwa asili yake ni mali ya ndani. Inatoka na ganda kwa sababu kati yake na nyama kuna kambiumu, tabaka la seli laini zinazogawanyika, na seli hizo ndizo zinazoachia. Mpaka wa zamani zaidi, ule ambao mzizi ulikuwa nao tangu uchanga wake, ulikuwa nje ya hapo, upande wa lile ganda lenyewe.

Wazo kwamba mmea una ndani na nje zinazotenganishwa na mpaka mmoja mahususi, na kwamba kila kilichomo ndani ya mpaka huo ni kitu kimoja, lina mwenyewe. Ni Philippe Van Tieghem, Mfaransa aliyeishi kati ya 1839 na 1914. Kitu hicho kimoja alikiita steli, jina alilolichukua katika neno la Kigiriki lenye maana ya nguzo. Michoro ya mkato wa mzizi iliyomo katika vitabu vya biolojia vya sekondari, yenye endodemi (mzunguko wa seli ulio mpakani), perisaikili iliyo mara tu ndani yake, zailemu inayopandisha maji yenye umbo la nyota na floemu katikati ya ncha zake, imefuata mpango wake. Jina lake mara nyingi halitajwi hapo, na naona hiyo ni hasara kwa mwanafunzi, kwa sababu nadharia ya steli haieleweki vizuri mpaka ujue alivyoifikia na mahali alipoteleza.

Yatima wa Bailleul katika maabara ya Pasteur

Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1839 katika mji wa Bailleul, kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo, akafariki kwa homa ya manjano kisiwani Martinique kabla mtoto hajazaliwa, na mama naye hakukawia kumfuata mumewe. Kijana huyu yatima alifaulu mtihani wa baccalauréat mwaka 1856, kisha akaingia École Normale Supérieure mjini Paris. Tangu mwaka 1857 aliyesimamia masomo ya sayansi katika chuo hicho alikuwa Louis Pasteur.

Hili lilimwathiri kwa maisha yake yote ya kazi. Pasteur wakati huo alikuwa katikati ya ubishi mkubwa: je, kuchacha na kuoza ni mambo ya kikemia yanayojitokea yenyewe, au ni kazi ya viumbe hai wadogo? Van Tieghem alipewa sehemu ya swali hilo. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1864 ilihusu kubadilika kwa yurea, ile dutu ya mkojo, kuwa amonia, akionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na kiumbe hai. Miaka miwili baadaye akachukua udaktari wa pili, safari hii wa historia ya viumbe, kwa utafiti wa muundo wa mimea ya familia ya magimbi. Kwa hiyo akiwa bado kijana alikuwa na miguu miwili: mmoja kwenye vijidudu, mwingine kwenye anatomia.

Mguu wa kwanza haukuwa wa kujifunzia tu. Mwaka 1867 alieleza kuvu mweusi anayegeuza tanini kuwa asidi ya galiki, akampa jina Aspergillus niger. Ni ukungu uleule mweusi unaoonekana kwenye vitunguu vilivyokaa ghalani. Tangu mapema karne ya 20 kuvu huyo amekuwa akifugwa viwandani kutengeneza asidi ya sitriki inayotiwa kwenye soda, peremende na dawa. Mwaka 1878 aliipa jina jenasi ya bakteria Leuconostoc, ambao hugeuza maji ya sukari kuwa ute mzito na kuvisumbua viwanda vya sukari. Majina yote mawili yangali yanatumika. Mwaka 1880 alieleza kundi la viumbe aliowaita Acrasieae, ambao seli zao hukusanyika na kusimama pamoja lakini kila seli hubaki na utu wake, haiyeyuki ndani ya wenzake.

Kuna kifaa kimoja cha kipindi hicho ambacho naomba msomaji akiweke akilini, kwa sababu kitatusaidia mbele. Ni kijichumba cha kioo kilichokuja kuitwa chumba cha Van Tieghem. Pete fupi ya kioo hugandishwa juu ya kioo cha hadubini, tone la maji huwekwa chini yake ili hewa isikauke, kisha juu hufunikwa kwa kioo chembamba chenye tone la chakula linaloning'inia upande wa ndani. Katika tone hilo huwekwa spora moja. Mtafiti huketi na hadubini yake akiiangalia spora ileile ikichipua, ikitoa nyuzi, ikitawi, mpaka izae spora zake. Kabla ya hapo watu waliokota vipande vya ukungu mbalimbali na kubuni kwamba hiki hugeuka kuwa kile. Kwa kijichumba hiki kubuni kulikoma, maana kiumbe kilifuatwa bila kupotezwa machoni. Mwaka 1873 yeye na Georges Le Monnier walichapisha utafiti mkubwa wa kuvu wa kundi la Mucor uliofuata mtindo huo.

Mzizi una sheria yake

Mwaka 1870 na 1871, Ufaransa ikipigana na Prussia na kushindwa, jarida la Annales des sciences naturelles lilichapa utafiti wake mrefu juu ya ulinganifu wa muundo wa mimea yenye mirija, sehemu ya kwanza ikiwa ni mzizi. Hapa ndipo anatomia yake inapoanza kusimama peke yake.

Swali lake lilikuwa la msingi kabisa: mzizi ni nini, shina ni nini, jani ni nini? Jibu la kawaida, kwamba mzizi uko chini na shina liko juu, halifai. Kiazi mviringo hukaa udongoni na ni shina. Tangawizi hukaa udongoni na ni shina. Kiazi kitamu hukaa udongoni na ni mzizi. Van Tieghem alitaka alama iliyo ndani ya kiungo chenyewe, inayoonekana hata ukiletewa kipande tu bila kuambiwa kimetoka wapi.

Akaipata katika mpangilio wa mirija. Katika mzizi mchanga, zailemu inayopandisha maji na floemu inayosafirisha sukari husimama kwa kupokezana katika duara: zailemu, floemu, zailemu, floemu, kila moja katika mstari wake kutoka katikati. Katika shina hupangwa pamoja katika mstari mmoja, floemu upande wa nje, zailemu upande wa ndani. Isitoshe, zailemu ya mzizi hukomaa kuanzia nje kuelekea katikati, na ya shina kwa kawaida huanzia ndani kuelekea nje. Mzizi na shina vyote viwili vimejengwa kuzunguka mhimili, kwa hiyo unaweza kuvipasua kwa njia zaidi ya moja ukapata nusu zinazolingana. Jani haliko hivyo. Lina upande wa juu na wa chini, kwa hiyo njia ya kulipasua likatoa nusu zinazolingana ni moja tu.

Halafu kuna mizizi midogo inayotoka kwenye mzizi mkubwa. Tawi la shina huanzia karibu na uso, kwenye kwapa la jani. Mzizi mdogo huanzia ndani kabisa, kwenye tabaka lililo mara tu ndani ya endodemi, halafu husukuma na kupasua njia yake mpaka nje. Tabaka hilo ndilo ambalo katika miaka ya 1880 alilipa jina la perisaikili. Na hautoki popote tu: kwa kawaida huchipuka mkabala wa ncha za zailemu, ndiyo maana mizizi midogo hupangika katika safu. Familia ya karoti ina mifereji ya mafuta iliyokaa hasa mkabala wa ncha hizo, basi mizizi midogo husogea pembeni, mmoja kila upande. Zailemu ya karoti changa ina ncha mbili, na ukiutazama uso wa karoti uliyoosha utaona alama za mizizi midogo zimejipanga katika mistari minne. Nyasi, mahindi yakiwemo, nazo zina utaratibu wao: huchipusha mizizi midogo mkabala wa floemu. Van Tieghem alipita familia moja baada ya nyingine akihesabu safu hizi, na ni kazi ya subira ambayo naiheshimu kuliko nadharia yake maarufu zaidi, kwa kuwa karibu yote imesimama.

Kumtafsiri Sachs, kisha kumpinga

Wakati ule anatomia ya mimea ilikuwa ya vyuo vya Ujerumani. Mohl, Nägeli, Hanstein, de Bary na juu yao wote Julius Sachs, ambaye kitabu chake cha botania kilisomeshwa kote Ulaya. Miaka michache tu baada ya vita, mwaka 1874, kitabu hicho cha Sachs kilitoka kwa Kifaransa, na mfasiri alikuwa Van Tieghem. Alikitia maelezo yake mwenyewe. Mwanafunzi wa Kifaransa akapata elimu ya Wajerumani kwa lugha yake, na mfasiri akapata kuijua nadharia ya Sachs neno kwa neno.

Sachs aliugawa mmea katika mifumo mitatu ya tishu. Wa kwanza ni ngozi ya nje. Wa pili ni vifungu vya mirija. Wa tatu ni tishu ya msingi, yaani kila kinachobaki: ile iliyo nje ya vifungu, tunayoiita koteksi, na ile iliyo katikati ya shina, ambayo ni kiini laini. Ukitazama kwa hadubini hoja yake ina nguvu, kwa sababu seli za koteksi na seli za kiini zinafanana sana. Mbona zisiwe kitu kimoja ambamo vifungu vya mirija vimetandazwa?

Van Tieghem akakataa. Kwake sura ya seli haitoshi, maana muhimu zaidi ni mahali ilipo. Mzizi una mpaka usiofichika, yaani endodemi, mzunguko wa seli wenye unene wa seli moja. Mwaka 1865 Robert Caspary alikuwa amekwisha kueleza ukanda mwembamba uliomo katika kuta za seli hizo. Leo tunajua ukanda huo umejengwa kwa lignini na hauruhusu maji kupenya. Maji yanayopita katikati ya kuta za seli za koteksi yakifika hapo hukwama, na ili yaendelee lazima yavuke utando wa seli hai. Huo ndio mlango ambapo mzizi huchagua chumvi za kuingiza na za kuzuia. Mkulima aliyewahi kuvamiwa na kiduha shambani amekutana na adui anayeujua mlango huo: mnyonyaji wake hupenya koteksi, huvunja endodemi na kuigusa zailemu ya mahindi au mtama moja kwa moja.

Basi, alisema Van Tieghem, kila kilichomo ndani ya mzunguko huu ni kiungo kimoja: perisaikili, floemu, zailemu, na kiini kama kipo. Kiini cha shina si ndugu wa koteksi hata kama wanafanana sura. Kifungu cha mirija si kipande huru, ni sehemu ya nguzo. Mwili wa mmea una ngozi, koteksi na steli, na mpango huo unapita kutoka mzizini hadi shinani bila kukatika. Kwa maneno mengine, mzizi na shina ambavyo mwaka 1871 alikuwa amevitenganisha kwa sheria kali, sasa alikuwa ameviunganisha kwa nguzo moja inayopita katika vyote viwili.

Uzuri wa wazo hili ni kwamba liliwawezesha watu kulinganisha mimea isiyolingana. Kabla yake, kangaga, mgomba na mwaloni vilikuwa na vifungu vya sura na idadi tofauti, na mlinganishaji hakuwa na pa kuanzia. Sasa kila mmoja aliulizwa swali lilelile: nguzo yako ikoje?

Nguzo moja au nyingi?

Mwaka 1886 Van Tieghem alichapisha pamoja na mwanafunzi wake Henri Douliot makala juu ya hali waliyoiita polisteli, mmea wenye nguzo nyingi. Ukikata shina la makangaga mengi kwa kukingama, huoni duara moja la mirija lenye endodemi moja kulizunguka. Unaona vipande kadhaa vilivyotengana, kila kimoja kikiwa na zailemu yake, floemu yake na endodemi yake mwenyewe. Hali ya namna hiyo hupatikana pia katika baadhi ya mimea ya maua, kama jamii fulani za Primula na Gunnera. Kwa kufuata ufafanuzi wao wenyewe, jibu lilikuwa wazi: endodemi moja, nguzo moja, endodemi tano, nguzo tano. Waliona kwamba mche mchanga huanza na nguzo moja, wakasema nguzo hiyo hugawanyika kadiri shina linavyopanda.

Douliot hakuishi kuona ubishi uliofuata. Alikwenda kutafiti pwani ya magharibi ya Madagaska na akafariki mwaka 1892, angali kijana.

Aliyewapinga kwa nguvu zaidi ni Edward Charles Jeffrey, Mkanada aliyefundisha Toronto na baadaye Harvard. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1890 Jeffrey alifuata miche ya makangaga kutoka chini kwenda juu, mkato baada ya mkato bila kuruka. Mwanzoni aliona nguzo iliyojaa, isiyo na kiini. Juu kidogo nguzo ikawa na uwazi katikati, bomba. Juu zaidi, kila jani lilipojitenga na shina liliondoka na kipande cha bomba na kuacha tundu juu yake. Majani yakiwa mengi na karibukaribu, matundu yanapishana, na bomba linakuwa wavu. Chukua tenga la fito ulikate katikati kwa msumeno: kwenye mkato utaona fito zimesimama mbalimbali katika duara, na asiyewahi kuona tenga zima atazihesabu kama vitu tofauti. Vipande vile vya kangaga havikuwa nguzo nyingi. Vilikuwa nguzo moja iliyotobolewa. Mtafiti D. T. Gwynne-Vaughan naye alifanya kazi nzito ya namna hiyo juu ya makangaga, na picha ikazidi kuwa wazi.

Jambo linalonigusa katika mkasa huu ni kwamba njia iliyomshinda ilikuwa njia yake. Mtu aliyejenga kijichumba cha kioo ili spora moja isipotee machoni tangu mwanzo hadi mwisho, alipofika kwenye shina alikubali kuhesabu vipande juu ya mkato. Si kwamba hakukata mahali pengi. Alikata, na akalinganisha. Lakini kila mkato aliusoma kama hesabu iliyokamilika, wakati Jeffrey aliusoma kama ukurasa mmoja wa habari inayoendelea.

Nadharia ilikuwa na udhaifu mwingine pia. Katika mashina mengi endodemi haionekani waziwazi, haina ule ukanda wa Caspary. Van Tieghem aliitambua kwa tabaka lenye chembe za wanga, na wengine wakasema anaona mpaka mahali ambapo haupo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mholanzi J. C. Schoute alipima kama mpaka kati ya koteksi na steli unalingana na mgawanyo wa seli katika ncha inayokua, kama Hanstein alivyokuwa ameeleza, na katika shina hakuona kulingana kwa uhakika.

Ingetarajiwa basi nadharia ife. Haikufa. Jeffrey mwenyewe hakuitupa steli, aliisahihisha na kuieneza: nguzo iliyojaa, nguzo ya bomba, nguzo ya wavu. Mwaka 1902 George Brebner alitoa jina la steli yenye vifungu vilivyotawanyika, ile unayoiona ukikata muwa au bua la hindi, ambako nukta za mirija zimezagaa hadi katikati. Mpaka leo anatomia hufundishwa kwa aina hizo. Na hata polisteli haikufutika kabisa, kwa maana baadhi ya Selaginella huelezwa bado kuwa na nguzo zaidi ya moja.

Ushahidi wa kushangaza zaidi ulitoka kwenye jiwe, miaka mitatu tu baada ya Van Tieghem kufariki. Katika kijiji cha Rhynie, Scotland, kuna mwamba ulioganda na mimea ndani yake yapata miaka milioni 407 iliyopita, ukaihifadhi mpaka seli zake zinahesabika. Robert Kidston na William Lang walianza kuieleza mwaka 1917. Mmoja waliuita Rhynia gwynne-vaughanii, kwa heshima ya yule mtafiti wa makangaga, aliyekuwa amefariki mwaka 1915. Rhynia hana jani wala mzizi wa kweli. Ana shina jembamba linalogawanyika mbilimbili, na katikati yake umepita uzi mmoja uliojaa, bila kiini. Umri huo mkubwa unaipa nguvu hoja kwamba nguzo iliyojaa ni hali ya kale, na mabomba na nyavu ni mambo yaliyokuja baadaye.

Wazo la kufuata badala ya kuhesabu liliendelea kuzaa matunda. Katika miaka ya 1960 Martin Zimmermann na P. B. Tomlinson walitaka kujua vifungu vya mirija vya mnazi na jamaa zake hupita wapi, maana kwenye mkato mmoja ni fujo tupu. Walikata shina la jamaa mdogo wa mnazi, Rhapis excelsa, kwa mikato mfululizo, wakaipiga picha za sinema na kuiendesha filamu. Vifungu vilivyoonekana kutawanyika ovyo vikaonekana vikisafiri kwa utaratibu, kila kimoja kikielekea kwenye jani lake na kuacha tawi la kuendelea juu.

Halafu zikaja jeni. Katika miaka ya 1990 maabara ya Philip Benfey nchini Marekani ilichunguza mmea mdogo wa Arabidopsis wenye kasoro za mizizi, na kutambua jeni iliyoitwa SHORT-ROOT ambayo ikiharibika endodemi haijengeki. Mwaka 2001 ikaonyeshwa kwamba jeni hiyo hufanya kazi ndani ya steli, sio kwenye endodemi. Protini yake husogea kutoka kwenye nguzo hadi tabaka moja nje na kuziagiza seli zile kuwa endodemi. Yaani nguzo hujichorea mpaka wake yenyewe. Van Tieghem hakuwa na njia ya kujua hilo, lakini alikuwa ameuchora mstari mahali ambapo mmea wenyewe unauchora.

Mwalimu, na mtu wa virukia

Vyeo vyake navipita haraka. Alifundisha École Normale Supérieure kuanzia 1864, akawa profesa wa Muséum national d'histoire naturelle kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi kufa, na kuanzia 1885 hadi 1912 alifundisha pia Sèvres, chuo kilichoandaa wanawake kuwa walimu wa sekondari za wasichana, wakati ambapo kumpa mwanamke elimu ya sayansi ya ngazi hiyo lilikuwa jambo jipya Ufaransa. Kitabu chake kikubwa cha botania kilitoka mwaka 1884. Gaston Bonnier, ambaye vitabu vyake vya kutambulia mimea vilibebwa na Wafaransa wengi mno, alikuwa mwanafunzi wake. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimchagua kuwa mwanachama miaka ya 1870, na mwaka 1908 akawa mmoja wa makatibu wake wa kudumu.

Uzeeni aligeukia uainishaji, na hapa wenzake wengi walimwona amepotea. Alitaka kupanga mimea yote ya mbegu kwa kufuata muundo wa ndani: kama yai la mbegu lina ngozi moja, mbili au hakuna, na ngozi ya mzizi inatokana na tabaka gani. Mpango wake wa jumla haukupata wafuasi. Hata hivyo baadhi ya mambo aliyoyaona ndani yake yanastaajabisha. Kwa alama ya mizizi aliyatoa mayungiyungi katika kundi kuu la dikotiledoni, mimea ambayo mche wake huanza na majani mawili ya mbegu, jambo lililoonekana la ajabu, na leo uchunguzi wa jeni unasema mayungiyungi kweli si ya kundi hilo. Tawi lao lilijitenga mapema zaidi, kabla ya monokotiledoni na dikotiledoni wengine kuachana.

Kazi iliyomleta karibu na sisi wa Afrika Mashariki ni ile ya virukia, mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine na kuyanyonya. Ilikuwa desturi kuvitia karibu vyote vya Afrika katika jenasi moja kubwa, Loranthus. Kuanzia 1894 na 1895, akifanya kazi juu ya vielelezo vikavu, Van Tieghem aliivunja jenasi hiyo vipande vingi mno kwa kutazama jinsi ua linavyofunguka, umbo la stameni na muundo wa ndani. Adolf Engler wa Berlin, mtu aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika mimea ya Afrika, hakumfuata, na hata kitabu kikuu cha Waingereza cha mimea ya Afrika ya tropiki kilipofikia familia hii mwaka 1910 kiliirudisha karibu yote ndani ya Loranthus.

Waliorudi kuichunguza upya polepole katikati ya karne ya 20 walikuta kwamba mipasuko mingi ya Mfaransa yule ilipita mahali pake. Roger Polhill wa bustani ya mimea ya Kew, London, na Delbert Wiens wa Utah walipochapisha mwaka 1998 kazi yao juu ya virukia vya Afrika nzima, Agelanthus, Englerina, Erianthemum, Globimetula, Oncocalyx, Phragmanthera na Plicosepalus vilikuwa vimesimama kama jenasi kamili, zote zikiwa zimepewa majina na Van Tieghem. Plicosepalus curviflorus hunyonya migunga kutoka Afrika Mashariki hadi Uarabuni. Agelanthus sansibarensis amebeba jina la Zanzibar katika jina lake la pili. Baadhi ya jenasi nyingine alizozibuni zimefutwa na hazitarudi, maana alipasua kupita kiasi. Van Tieghem alifariki Paris tarehe 28 Aprili 1914, uainishaji wake wa virukia ukiwa umekataliwa karibu kila mahali. Leo mtu anayepekua orodha ya mimea ya Tanzania au Kenya akifika kwenye familia ya Loranthaceae atakuta kifupisho Tiegh., yaani Van Tieghem, kikifuata jina la jenasi moja baada ya nyingine.